Mtambo Usiotumia Maji

Jumatatu, 3 Agosti

Mke wangu ameondoka asubuhi na mapema. Mdogo wake amejifungua, mtoto wa kwanza, na hajui hata kumfunga nepi. Atakaa huko wiki mbili. Ameniachia vitu viwili: mama yake na nyanya zake. Mama mkwe amekuja kwetu kupumzisha magoti, kwa hiyo anakaa barazani na redio yake na haruhusiwi kugusa kazi. Nyanya ndizo kazi.

Si nyanya za sokoni hizi. Ni mbegu ya marehemu baba mkwe. Kila mwaka alikamua mbegu, akaanika juu ya gazeti, akapanda tena, tangu mke wangu hajazaliwa. Mwaka jana panya wakaingia kabatini wakala akiba yote. Zilizosalia ni mbegu chache, ambazo sasa ni miche kumi na miwili nyuma ya nyumba. Sasa hivi ina matunda, makubwa lakini mabichi. Yakiiva, tuna mbegu. Yasipoiva, basi tena. Mke wangu alisimama mlangoni na begi lake akaniambia, "Zikifa hizo, baba amekufa mara ya pili." Nikamwambia aende kwa amani. Mimi ni fundi.

Maagizo: kumwagilia kila alfajiri kwa keni, lile kopo la kumwagilia, mche kwa mche, shinani, bila kulowesha majani. Alfajiri! Fundi cherehani mwenye jina lake mtaa mzima, ainame gizani kama mtu aliyeangusha sindano. Leo nimefanya. Mgongo umelia. Hapa panahitajika akili.

Jumanne, 4 Agosti

Akili imepatikana. Nimechungulia ukutani kwa jirani yangu, yule mwenye duka la vifaa vya maji, ambaye mtaa mzima tunamwita Mabomba. Bwana yule ameketi kivulini anakunywa chai, na bustani yake inajimwagilia yenyewe! Mipira imelala chini, tone, tone, tone. Mchicha wake umenona kuliko watoto wake. Roho imeniuma.

Nimeingia dukani kwake kama mteja wa kawaida. Akaanza mahubiri: pipa liinuliwe, mdomoni uwekwe mfuko wa kuchuja, kila mche tundu moja, maji yawe safi. Akataka kuniuzia mtambo mzima na vikorokoro vyake. Nikasema nataka mpira tu, ule mwembamba wa bapa. Akaniuliza matundu nitatoboa na nini, maana si kazi ya msumari. Nikatabasamu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Mabomba ana kipara.

Matundu! Hivi katika mtaa huu nani anatoboa matundu kuliko mimi? Nimetoa uzi kwenye cherehani, nikaweka sindano ya jinzi, nikapitisha mpira chini ya mguu, nikakanyaga. Trrrr! Mpira mzima kabla chai haijapoa. Mstari umenyooka kama mshono wa suruali ya afisa. Mama mkwe akauliza kwa upole, kutoka barazani, leo nashona nguo ya nani. Nikamjibu, ya nyanya. Akapunguza sauti ya redio, akaniangalia, akaiongeza tena.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku ya uzinduzi. Jana sikumwagilia, ili udongo uwe na hamu. Pipa nimelipandisha juu ya meza ya kupigia pasi. Mpira nimeulaza kutoka mche wa kwanza hadi wa mwisho. Mama mkwe ameomba, kwa heshima zote, amwagilie kidogo kwa keni wakati nasubiri gundi niliyounganishia mpira na pipa ikauke. Nikamkatalia kwa heshima zote. Kwanza, magoti. Pili, huwezi kujua mtambo unafanya kazi iwapo watu wanapitapita na keni. Jaribio la kitaalamu haliingiliwi! Keni nimeifungia kwenye kabati la vitambaa. Ufunguo nimeuficha mahali ambapo hakuna atakayeuona.

Nikafungua koki.

Lo! Nilisahau jambo moja. Mshono una matundu mengi. Maji yakaruka juu kwa mstari, mche wa kwanza na wa pili ikazama kwenye tope, na baada ya hapo hakuna kilichosonga mbele. Miche kumi iliyobaki haikupata hata harufu ya maji. Koti la mteja lililokuwa kwenye kamba, tayari kuchukuliwa, limelowa mpaka bitana ya ndani. Kichwa cha Mabomba kikachomoza juu ya ukuta, kikauliza kama nimeanzisha sehemu ya kuoshea magari. Mtu mzima hajibizani na kichwa.

Mama mkwe hakucheka. Aliingia ndani haraka kidogo, na nikasikia anakohoa huko kwa muda mrefu.

Ijumaa, 7 Agosti

Mdharau mwiba mguu huota tende. Leo nimewaonyesha mwiba! Nimekaa na mpira mapajani toka asubuhi, nikaziba matundu kwa viraka vya koti la mvua na gundi ya viatu. Nikapima kwa futi, nikatia alama kwa chaki, nikaacha tundu moja kwa kila mche. Ni kanuni niliyoigundua mwenyewe.

Kisha wazo juu ya wazo. Kwa nini nyanya zipewe maji matupu? Nikatia samadi ndani ya pipa, ndoo nzima, nikakoroga. Chakula na kinywaji kwa pamoja. Mabomba na mahubiri yake hajawahi kufikiria hilo.

Nikafungua koki. Nikapiga magoti. Tone! Kwenye mche wa kwanza. Tone! Wa pili. Nikatambaa hadi wa mwisho, na huko nako, baada ya kusubiri kidogo, tone! Nimecheza. Nakiri, nimecheza peke yangu kati ya nyanya, na futi shingoni. Mama mkwe akapiga makofi matatu, akauliza harufu ile ni ya nini.

Koti la mteja limekauka lakini limesinyaa. Nitamwambia kanenepa.

Jumapili, 9 Agosti

Jana nililala mpaka jua likanichoma usoni. Raha iliyoje! Mtambo unafanya kazi, fundi anapumzika. Sikwenda hata kuangalia. Ukimchungulia mfanyakazi kila saa unamvunja moyo.

Leo nimekwenda. Majani yamelegea. Udongo mkavu mpaka unapasuka. Mpira umelala kimya, hauna hata unyevu. Nikaukung'uta. Nikaupuliza. Nikaunyonya. Sitaandika nilichokinyonya, ila nimesukutua kwa chumvi na kwa sabuni, na chai ya jioni imekuwa na ladha ya zizi.

Mke wangu akapiga simu hapo hapo. Mtoto mzima, mama wa mtoto mzima, nyanya je? Nikasema ziko imara kama askari. Akasema anamwona baba yake usingizini siku hizi, anamuuliza habari za bustani. Akaomba azungumze na mama yake. Nikampa mama mkwe simu huku natokwa jasho, maana alikuwa ameona kila kitu toka barazani. Basi tena, nimekwisha. Mama mkwe akasikiliza, akaniangalia mimi, akaangalia bustani, akasema zinaendelea, mwanangu, Mungu yupo. Akanirudishia simu.

Nimemmenyea chungwa.

Jumatatu, 10 Agosti

Siku mbaya. Nasema ukweli, hii ni shajara yangu. Majani yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Mche wa kwanza na wa pili, iliyozama siku ile, imekuwa ya njano. Tunda moja limeanguka lenyewe, bichi, nikaliokota nikalishika tu. Nikaketi chini palepale kwenye vumbi. Nikamfikiria marehemu. Yule mzee alinipa binti yake nikiwa sina hata cherehani, nashonea ya kuazima. Siku ya kwanza kwake alinipa nyanya moja na chumvi, akanitazama ninavyokula, akasema kijana anayekula nyanya bila kumwaga ana mikono mizuri. Na mikono yangu ndiyo hii inayomuua.

Nililia. Kidogo.

Nikataka kutoa keni. Kabati limefungwa. Ufunguo niliuficha vizuri mno, na mimi mwenyewe sipakumbuki. Nimepekua mpaka ndani ya mito. Pipa nalo lina uji wa samadi. Nikasema liwalo na liwe, naushusha uchafu, nalijaza upya maji safi, na mdomoni nafunga bitana ya kuchuja. Safari hii hata punje haipiti. Nimeweka bitana tabaka nne, nikaikaza kwa uzi wa jinzi, fundo juu ya fundo. Hata hili likishindwa, kesho alfajiri naamka mwenyewe na ndoo. Nimeapa.

Mama mkwe alikuja akasimama karibu yangu, amejishika kiuno. Akasema, "Baba, nenda kapumzike. Mmea wenye mizizi haukati tamaa upesi hivyo." Kisha akauliza kama ndani kuna birika kubwa kuliko lile la chai. Nikamwambia ni hilo hilo moja. Akasema basi litatosha.

Mtu ana huzuni, yeye anawaza chai. Uzee!

Jumanne, 11 Agosti

Nimepitiwa na usingizi. Alfajiri ya kiapo imenipita. Nikakurupuka jua limekwisha toka, nikakimbilia nyuma na ndoo, sijavaa hata shati.

ZIMESIMAMA!

Majani yameinuka. Shinani pa kila mche pana doa la unyevu, duara safi, jani hata moja halijaloa. Ndivyo hasa mke wangu alivyoagiza! Nikagusa udongo kwa kidole. Maji! Nikaubusu mpira. Bitana! Kumbe dawa ilikuwa bitana! La kuvunda halina ubani, lakini la fundi lina kiraka. Nimeirudisha ndoo mahali pake. Haina kazi tena.

Kasoro ndogo ni moja. Mama mkwe ameanza kusahau. Chai ilichelewa, birika halikuwepo jikoni, tumelitafuta kila mahali. Nikalikuta bustanini, pembeni ya mche wa mwisho, tako lake limejaa matope. Nikamrudishia. Akasema, "Ah, na mimi nilikuwa nashangaa liko wapi." Ndala zake nazo zilikuwa mlangoni, zimelowa. Nadhani anatembea bila kujua anakwenda wapi. Nitamwambia mke wangu taratibu, akirudi.

Ijumaa, 14 Agosti

Siku ya nne ya ushindi! Naamka saa ninayotaka. Kila nikienda, udongo una unyevu. Matunda ya mche wa tano yameanza kugeuka rangi, kama mtu anayeona haya. Hata ile miwili ya njano imetoa majani mapya.

Na sasa jambo kubwa kuliko yote. Leo nilipanda kiti nijaze pipa. Pipa limejaa! Limejaa pomoni, vilevile nilivyoliacha Jumatatu. Nilisimama juu ya kiti mdomo wazi. Siku nne za kumwagilia, na maji hayajapungua hata kidole! Huu si mtambo wa kawaida. Huu ni mtambo usiotumia maji. Wataalamu wanahangaika dunia nzima kupunguza maji, na mimi nimeyamaliza kabisa.

Nimemwita Mabomba aje aone. Sikuweza kujizuia. Akaja, akainama, akagusa udongo. Akaukamua mpira, mkavu. Akaangalia ile bitana niliyofunga, akajaribu kuingiza ukucha, ukucha haukuingia. Kisha akageuka akamtazama mama mkwe, aliyekuwa barazani anabadilisha steshini ya redio. Mama mkwe naye akamtazama. Mabomba akakohoa. Akasema siku hizi kila alfajiri anamsikia mama, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, bila shaka magoti yamepata nafuu. Nikamweleza kuwa wazee hawana usingizi, na kutembea ni dawa.

Akanipa mkono. Akasema, "Hongera, fundi. Una bahati kubwa sana." Bahati! Wivu umemkaba, hakuweza hata kutamka neno utaalamu.

Ufunguo wa kabati umepatikana. Ulikuwa ndani ya redio, kwenye nafasi ya betri isiyotumika. Mama mkwe anasema aliuona siku ile ile ya kwanza, akadhani nimeuweka hapo ili kuzuia betri zisitikisike, akaogopa kuugusa. Nimeuacha. Keni haina kazi tena.

Jumapili, 16 Agosti

Nyanya za kwanza zimeiva! Sitaki kuandika kwa haraka, nataka kuonja. Zimeiva. Nyekundu, zenye mikunjo kama begani mwa koti zuri, ndivyo zilivyokuwa za marehemu, nazikumbuka. Miche yote kumi na miwili hai. Nilikaa kando yake nusu ya asubuhi bila kufanya lolote. Moyo umejaa. Nikamwambia marehemu, kimoyomoyo, ile mikono bado mizuri.

Mama mkwe amelala mchana kutwa. Nimemkuta kwenye kiti, redio inaongea peke yake, mikono mapajani, kucha zina udongo. Nikamfunika shuka. Ndiyo raha ya mtambo: hata yeye sasa hana wasiwasi.

Jumatatu, 17 Agosti

Mke wangu amerudi. Hakuweka hata begi chini. Akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nikamfuata nikiwa na hotuba yangu tayari, nimeiandaa toka Ijumaa, ina utangulizi.

Hotuba haikusemwa. Alipoziona aliketi chini na nguo zake za safari. Akachuma moja, akainusa, akaanza kulia. Akasema ni harufu ya shati la baba yake, alikuwa ananuka hivi hivi akirudi shambani. Nikamshika bega.

Halafu akasimama akauliza ilikuwaje. Nikaeleza. Cherehani, sindano ya jinzi, viraka, bitana, pipa lisilopungua. Alinisikiliza vizuri, ila kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yake yalivyohama. Yakaenda kwenye pipa. Yakaenda kwenye mpira. Yakaenda kwenye miguu ya mama yake, ndala zenye tope mpaka kwenye kamba, na kwenye birika lililokuwa chini ya kiti chake. Mama mkwe akaanza kurekebisha redio ambayo haikuwa na tatizo.

"Mama," akasema mke wangu.

"Mshukuru mumeo," akasema mama mkwe. "Bila mtambo wake, mimi na haya magoti nisingekuwa naamka alfajiri."

Basi wakaangaliana, wakaanza kucheka. Mke wangu akamkumbatia mama yake, wanacheka na kulia pamoja, wanashikana wasianguke. Furaha kama hiyo sijawahi kuileta katika nyumba hii. Na nimeguswa, sikujua kuwa mama mkwe alikuwa anaamka kila siku kuutazama mtambo wangu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jioni mke wangu amekamua mbegu za nyanya kubwa kuliko zote na kuzianika juu ya gazeti, na zikikauka nusu yake ataziweka kwenye chupa ya kifuniko, panya waje na meno ya chuma. Nyanya iliyobaki tumekula sisi watatu, kwa chumvi. Sikumwaga hata tone.

Jumanne, 18 Agosti

Kazi haiishii hapa. Mtambo umethibitika, sasa ni kuupanua! Bilinganya upande wa kushoto, hoho upande wa kulia, na ukuta wa Mabomba nitaupandisha maboga yamchungulie yeye. Nimeshashona mpira mwingine. Koti la mteja nimelikata viraka, alikataa kulichukua.

Pipa ni kubwa mno kwa mtambo usiotumia maji. Ni kupoteza nafasi. Kinachohitajika pale juu ni chombo kidogo, chenye mdomo mwembamba wa kuingia kwenye mpira. Nimezunguka nyumba nzima asubuhi nikitafuta. Kisha nikaliona, limekaa tu chini ya kiti cha barazani, halimsaidii mtu. Birika! Mdomo wake umeingia kwenye mpira kama lilizaliwa kwa kazi hiyo. Nimelitoboa tako, nikalifunga bitana tabaka sita, nikaligongomea juu ya nguzo.

Nilidhani mama mkwe atanung'unika. Hata kidogo! Alilitazama pale juu, akaniambia sawa, baba, kazi nzuri. Anasema magoti yanataka akae kwetu mwezi mmoja zaidi, na mke wangu amekubali haraka sana.

Ila ameomba nimnunulie birika jingine. Kubwa zaidi. Kubwa la nini, na yeye chai anakunywa kikombe kimoja? Wazee!